Mama Wanjira Hajamaliza

Siku Nyaga alipomwona Mama Wanjira kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amebeba mlango.

Ulikuwa mwaka ule watu wa miteremko ya juu ya Manyatta walipoamriwa kubomoa nyumba zao na kwenda kukaa pamoja katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Kila mtu alishuka na alichoweza: chungu, kuku aliyefungwa miguu, mtoto mgongoni. Nyuma yao moshi wa nyumba zilizochomwa ulipanda juu ya migomba. Katika msafara ule akatokea mwanamke mmoja mrefu, mkavu, peke yake. Alikuwa amepitisha kamba ya ngozi kwenye paji la uso kama wanawake wabebavyo kuni, na mgongoni alikuwa na mlango mzima wa mbao za mtarakwa, na bawaba zake zikigongana.

Vijana wa ulinzi, wale walioitwa homgadi, wakamcheka. "Mama, mlango bila nyumba ni wa nini?"

"Unasema mlango hauna kazi pasipo ukuta," akajibu bila kusimama. "Tena ungeongeza kwamba mzigo huu unaweza kuniua kabla sijafika. Ni kweli yote. Lakini ukuta ni udongo, na udongo uko kila mahali. Mbao je, mtanipa ninyi?"

Waliokuwa karibu wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Nyaga alikuwa mmoja wao, ila yeye alikuwa ameinama tangu mwanzo. Alikuwa mtu wa haya. Alikuwa fundi wa mbao, amesoma misheni mpaka darasa la nne, na maishani mwake alikuwa amezunguka njia ndefu mara nyingi ili asikutane na mtu wa kumsalimu. Alichokiona kwanza kwa yule mwanamke ni miguu yake, iliyopasuka visigino, ikitembea pasipo haraka kati ya bunduki.

Nyumba zilikuwa chache kuliko watu. Ndwiga, mkuu wa kijiji, akanyoosha fimbo yake: "Huyu aingie kwa Nyaga." Ikawa hivyo. Nyaga akachukua nyundo akautundika ule mlango, nao ukawa mlango pekee wa kweli katika safu yao. Wengine walijifungia kwa magunia na mabua ya mahindi.

Jina lake lilikuwa Kagure, lakini wote walimwita Mama Wanjira, kwa jina la binti yake wa pekee. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Wanjira alikuwa ameolewa ng'ambo ya mlima, huko Kiirua, upande wa Wameru. Kabla ya hali ya hatari mama alikuwa akienda kumwona kila baada ya mavuno. Sasa mtu hakuweza hata kwenda kwenye shamba lake mwenyewe bila kusubiri filimbi na kulindwa kwa bunduki, sembuse kuuzunguka mlima.

Siku za kwanza Beth, mke wa Nyaga, hakumtaka. Nyumba ilikuwa ndogo, meko mawili yalikuwa yakitazamana, na watoto walikohoa usiku kucha.

"Moshi wako unatuua, Mama Wanjira," Beth alisema asubuhi moja.

"Unasema kuni zangu ni mbichi na meko yangu yako ndani mno," mama akajibu. "Na kuna jambo kubwa zaidi umeliacha. Ninyi ndio mlionitangulia hapa, na mgeni hachagui mahali pa kuweka mafiga. Hilo lina nguvu kuliko la moshi. Mbona hulisemi?"

Beth akamtazama. Hakujua kama anatukanwa.

"Ndivyo unavyosema?" mama akauliza tena.

"Ndivyo."

"Haya, sasa na mimi niseme. Kuni kavu ziko mbali, na kule tunachungwa tusizurure. Nikiyasogeza meko mlangoni, moshi utatoka, lakini baridi itaingia kwa watoto wako. Chagua wewe, nami nitafuata."

Meko yakabaki palepale. Beth alimlalamikia mumewe: "Mwanamke huyu ananisemea vizuri kuliko ninavyojisemea. Nitagombanaje na mtu kama huyo?"

Ndivyo alivyokuwa. Hakujibu neno la mtu kabla hajalisema yeye mwenyewe, zima, na mara nyingi likiwa na nguvu zaidi kuliko lilivyotoka. Ukisema ndiyo, hilo ni langu, hapo ndipo alipoanza lake. Wasiomjua walidhani amekubali, wakainuka na kwenda zao. Waliomjua walibaki wamekaa, wakisubiri nusu ya pili.

Siku moja, wakimenya nduma, alimweleza Nyaga alikoitoa tabia hiyo. Baba yake alikuwa na wake wawili wasiosemezana, na yeye ndiye mtoto aliyetumwa kati ya nyumba na nyumba. "Nikipeleka neno limepinda, napigwa huku. Nikirudisha limepinda, napigwa kule. Nikajifunza kubeba neno la mtu kama maji kwenye kibuyu, mpaka mwenyewe atazame ndani aseme, ni yangu, hayajamwagika."

"Na kama neno lenyewe ni la kijinga?" Nyaga akauliza. Kwa mama yule peke yake haya zilimpungukia.

"Mengi huwa ya kijinga njiani tu, Nyaga. Ukifika kwa mwenyewe unakuta kuna sababu. Labda sababu mbaya, lakini ipo. Ukipiga neno ambalo mwenzako hakulisema, umepiga kivuli, na mkono unauma bure."

Hata Ndwiga aliijua tabia hiyo. Zamani, kabla hajapewa fimbo ya serikali, aligombana na ndugu yake juu ya mpaka wa shamba, na ni Mama Wanjira, jirani yao, aliyekaa katikati akimsemea huyu kwa yule mpaka wakaelewana. Ndwiga alipata alichostahili, na hakupata zaidi. Hakumshukuru.

Kilichomfunga mama na binti yake siku zile kilikuwa mtu mmoja tu: Hared, Msomali wa Majengo, mjini Meru, aliyeleta mbuzi wa nyama kwenye kituo cha homgadi. Alikuwa na kibali cha kupita barabarani, na mbuzi wenyewe aliwanunua pande za Kiirua. Kila alipokuja, alisimama mbele ya ule mlango wa mtarakwa.

"Mama, binti yako anakusalimu. Amenenepa."

"Amenenepa au ana mimba?"

"Mama, mimi ni mfanyabiashara wa mbuzi. Kwa mbuzi ningekujibu."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shuka. Kisha akamtuma salamu zake, na kumtaka azirudie kwanza hapo hapo. Hared alizirudia kama mtoto wa chuo mbele ya mwalimu.

Jioni moja Hared alileta mbuzi, wingu likafunga, akalazimika kulala kijijini, kwenye kibanda cha kukaushia ngozi kilichokuwa kando ya handaki. Alfajiri ile daraja lilikutwa limeshuka. Lilikuwa daraja la mbao, ambalo homgadi walilivuta juu kwa kamba kila jioni. Watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na serikali, walikuwa wamevuka kimya wakachukua mbuzi wote na unga wa kituo, na kurudi walikotoka. Hakuna aliyeumizwa. Hakuna aliyesikia kitu, au aliyekubali kwamba alisikia.

Ofisa mzungu wa tarafa akaja na lori. Alisema Kiswahili chake kile cha kuamuru: "Nani nashusha daraja? Kama hapana sema, geti nafungwa." Geti likafungwa. Hakuna kwenda shambani, hakuna kwenda mtoni. Maji yalipimwa kwa kikombe.

Mahindi yalikuwa yamekomaa. Hilo ndilo lililowatesa watu kuliko kiu. Kutoka ndani ya handaki waliyaona mashamba yao upande wa pili, juu ya mteremko, na nyani wakishuka kutoka msituni pasipo wasiwasi, wakivunja na kutupa, wakivunja na kutupa. Nyaga alisimama pale mianzi iliyochongwa na kuchomekwa handakini ilipoanza, akatazama mahindi ya watoto wake yakiliwa. Hatua chache zilimtenga nayo, na hangeweza kuzipiga.

Njaa ilipoanza kuuma, kijiji kikapata jibu. Misheck, homgadi aliyekuwa zamu, alisema kwamba alfajiri ile, kabla ya filimbi, alimwona Msomali kando ya handaki ameshika mkebe. Basi. Neno likaenda nyumba hadi nyumba, na kila lilipoingia likatoka limenona. Hared akafungiwa kituoni.

"Wampeleke tu," Beth alisema, amekaa chini na watoto wawili magotini. "Si wetu. Ana kwao. Wampeleke, geti lifunguliwe."

Moyoni Nyaga alikuwa upande wake.

"Nyaga," mama akasema, "simama uwe Misheck."

"Mimi?"

"Wewe. Sema neno lake kama kwamba ni lako, na usinidanganye."

Nyaga akasimama, akiutazama udongo. Misheck alikuwa wa rika lake, walitahiriwa pamoja, ingawa tangu avae kitambaa cha ulinzi mkononi hawakuwa wamesemezana. Akasema alivyosikia. Mama akamwongeza: sema pia kwamba Msomali ana kibali cha kupita kila mahali. Sema kwamba yeye peke yake alijua mbuzi wangefika lini. Sema kwamba alikuwa nje wakati wa kafyu, na hilo hata mwenyewe halikatai. Nyaga alipomaliza, alishangaa. Neno la Misheck lilikuwa zito. Halikuwa upuuzi.

"Sasa," mama akasema, "tuseme yote hayo ni kweli. Alikuwa pale, alishika mkebe. Je, kwa hayo daraja limeshuka?"

Nyaga akafikiri. Alikuwa fundi, na aliyaona mambo kwa mikono. Daraja lilishikwa na kamba, na kamba ilifungwa kwenye nguzo ndani ya ua wa kituo. Geti la ua lilifungwa jioni kwa ndani.

"Halijashuka," akasema taratibu. "Aliye kando ya handaki haifikii kamba."

"Mkebe je?"

"Waislamu hutawadha kabla ya kuswali. Hata mjini Maua nilipofanya kazi niliwaona."

"Basi ni Misheck aliyefungua," Beth akadakia. Macho yake yalikuwa yamewaka. "Wampeleke yeye basi. Mbwa yule."

"Haraka, binti yangu. Sasa simama uwe Misheck tena. Umechimba handaki mchana kutwa kama wenzako, usiku umepewa bunduki, una mtoto mchanga nyumbani asiyelala. Jioni umevuta kamba. Umeifungaje?"

Nje nyani walikuwa wakipigana.

"Mtu anaweza kulala," mama akasema. "Anaweza kufunga fundo bovu. Hilo si usaliti. Lakini nani kijijini hapa amempa nafasi ya kulisema? Mlango aliofunguliwa ni mmoja tu, wa kumtaja Msomali, naye amepita humo."

Baraza liliitwa mchana, uwanjani mbele ya kituo. Hared alisimama amefungwa mikono, kofia yake imeanguka vumbini na hakuna aliyeiokota. Ofisa alikaa kwenye kiti, Ndwiga kando yake. Misheck alisema neno lake kwa sauti ndogo, akitazama viatu. Kisha Ndwiga akauliza kama kuna mwingine.

Mama Wanjira akasimama.

"Misheck anasema hivi," akaanza, kwa sauti ile ya kubebea maji. "Mtu huyu ni mgeni. Ana kibali ambacho sisi hatuna. Yeye ndiye aliyejua mbuzi wangefika lini. Alikuwa nje wakati wa kafyu, kando ya handaki, kabla ya filimbi, na mkononi ana chombo. Mtu mwenye akili hawezi kuyasikia haya asimshuku. Misheck, ndivyo unavyosema?"

"Ndivyo," Misheck akasema.

"Imetosha," Ndwiga akasema. Akamgeukia ofisa. "Bwana, hata mama huyu anashuhudia. Na yeye ni rafiki ya Msomali."

"Sijamaliza," mama akasema.

"Umemaliza. Kaa chini."

"Ndwiga, unanijua. Sijamaliza."

Alimjua. Hilo Nyaga aliliona wazi, maana Ndwiga hakumtazama usoni. Ofisa alikuwa amekwisha kuinua mkono, na homgadi wawili wakamshika Hared mabega. Hared alimtazama mama tu, kama mtu aliyekuwa ameegemea ukuta, na ukuta ukasogea.

Nyaga alikuwa na nusu ya pili kifuani. Aliijua neno kwa neno. Akatazama upande wa kushoto, akaona safu ya watu wenye midomo iliyopasuka kwa kiu, wote wakilitaka geti. Akatazama kulia, ni safu ile ile. Hapakuwa na njia ndefu ya kuzungukia. Akasikia magoti yake yakinyooka kama ya mtu mwingine.

"Misheck anasema kweli," akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo mno hata ofisa akauliza, "Nini?"

"Misheck anasema kweli, Bwana. Alimwona, na kafyu ilivunjwa. Mimi simkatai." Akamgeukia mlinzi. "Misheck, rika yangu. Kamba ya daraja hufungwa wapi?"

Misheck akageuza macho kwenye kituo: "Ndani ya ua."

"Na geti la ua usiku?"

"Linafungwa kwa ndani."

"Aliyekuwa kando ya handaki, angeifikia?"

Mnong'ono ukapita uwanjani. Vichwa vikamgeukia Misheck, na katika vichwa vile Nyaga aliuona moto ule ule aliouona machoni pa Beth. Akaharakisha, maneno yakigongana.

"Sisemi ulifungua. Hakuna anayesema hivyo. Unachimba handaki na sisi mchana, na usiku unalinda. Mimi kamba nazijua. Fundo la mtu aliyechoka hulegea lenyewe, hasa mvua ikinyesha kisha ikauka. Mtu kulala si kuuza watu. Hilo tu."

Misheck alikuwa na umri wa Nyaga, lakini pale alionekana mtoto.

"Nililala," akasema. "Sikumbuki fundo. Msomali nilimwona nilipoamka. Daraja lilikuwa chini tayari."

Hared akafunguliwa mikono. Mambo hayakuishia hapo, maana siku zile hakuna jambo lililoishia lilipostahili. Kibali chake kilichukuliwa kwa kosa la kafyu, akaamriwa arudi Meru asikanyage tena upande wa Embu. Misheck alinyang'anywa bunduki, akafungwa kitambo. Geti likaamriwa lifunguliwe kesho yake.

Ndwiga akainama akanong'ona na ofisa, kisha akainuka, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Fundi huyu tangu azaliwe hajasema maneno kumi mbele ya watu. Mnadhani haya ni yake? Amefundishwa. Na anayejua kusema maneno ya pande zote mbili, basi huyo ni wa pande zote mbili. Leo anamsemea Misheck, kesho Msomali. Watu wa msituni anawasemeaje, tukiwa hatupo?"

Ofisa akamuuliza mama: "Wewe naweza kusema maneno ya watu ya msitu?"

Angeweza kukataa. Watu wengi kabla yake walikuwa wamekataa, na hakuna aliyewalaumu. Beth alifunika mdomo kwa mkono.

"Naweza," mama akasema. "Hata yako, Bwana, naweza. Nianze na yapi?"

Hakuulizwa tena.

Miaka kadhaa baadaye, handaki lilipofukiwa na watu wakarudi mashambani kwao, Wanjira alikuja kutoka Kiirua kuuchukua mlango. Alikuwa mrefu kama mamaye. Alisema salamu za mwisho za mama aliletewa na Hared, kabla kibali hakijachukuliwa. Kutoka kwenye kambi ya wanawake alikopelekwa mama hakikufika kitu, mpaka ilipofika habari ya kwamba ameugua na kuzikwa huko huko. Nyaga aling'oa bawaba mwenyewe, akaufunga ule mlango kwa kamba ya ngozi. Mafundo aliyakagua mara mbili.

Lakini mchana ule wa baraza, lori lilisubiri mbele ya geti, na geti likafunguliwa kwa ajili yake kwanza. Nyaga alimsindikiza mpaka mlinzi aliponyoosha mkono kumzuia. Alikuwa akilia, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anamwona. Ng'ambo ya daraja mahindi yaliyosalia yalisimama machache machache.

"Ndwiga ni mnyama," akasema. "Alikujua. Alikukata kauli makusudi."

Mama alikuwa amekwisha kupandishwa. Alikaa juu ya mbao, ameshika ubavu wa lori, akamtazama kama alivyomtazama siku ya nduma.

"Ndwiga anasema nini?" akamuuliza. "Nisemee."

Nyaga akatikisa kichwa. "Siwezi, Mama Wanjira. Yeye siwezi."

Dereva akawasha. Mama akainama kidogo juu ya ubavu ili asikike.

"Basi hujamaliza," akasema.